Kijana akitishiwa kwa kutetea bahari, anyamaze au tusimame naye?

Wana Tanga, hili tulijadili bila kuzungukana.

Kijana wa jirani yangu huku Sahare hupanda mikoko na wenzake, na hurekodi video za mikoko inayokatwa kuni. Majuzi akarekodi nyingine akiuliza: bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 hadi Chongoleani, siku mafuta yakimwagika nani atasafisha bahari yetu? Hakumtukana mtu. Kesho yake meseji ikaingia, tena si kwenye simu yake, bali kwenye kitochi cha mama yake anayeuza samaki Deep Sea: "Mwambie mwanao apunguze mdomo. Tunajua unapouzia."

Mama akaja kwangu, magamba bado yamemganda mikononi, akaniomba nimsomee tena. Usiku ule kijana akafuta video zote, na wakubwa wa mtaa wakamsifu kwa busara.

Mimi napinga. Aliyetuma ndiye mkosaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha. Faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Na laini tumezisajili kwa alama za vidole, kwa hiyo namba tusiyoijua sisi, polisi wakitaka wanaijua. Angalieni pia walivyomchagua mama. Walijua atamnyamazisha mwanawe wenyewe wakiwa wamekaa kimya.

Mnasema ni mtoto? Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na mwaka 2023 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilizitaka nchi ziwalinde watoto wanaotetea mazingira. Huyu ana miaka 19, ni mtu mzima mwenye Ibara ya 18 ya Katiba mkononi, ile ya uhuru wa kutoa maoni.

Semeni mnavyoona.

*Mchangiaji wa Pongwe:*
Dada, shikamoo. Bomba limetupa ajira sisi, usilisahau hilo. Hizo kelele zinatoka nje, vijana wetu wanatumika tu. Oktoba 2022 wanafunzi tisa walikamatwa Kampala wakiandamana kuunga mkono azimio la Bunge la Ulaya lililokosoa bomba hilihili. Unataka mwenetu afike huko? Na ukienda polisi, utaanza kuhojiwa wewe. Amalize chuo kwanza.

*Mwanzisha mada:*
Marahaba, mdogo wangu. Ajira sizibezi, kwetu pia wapo waliokula kwa kazi hiyo. Lakini wanafunzi wale walipelekwa mahakamani kwa kosa la kusumbua umma. Unaweza kuliona shitaka hilo ni la uonevu, mimi naliona hivyo, ila lilikuwa na karatasi, hakimu na wakili wa kulijibu. Meseji ya kitochi haina mahakama. Kama kijana amesema uongo, mwenye bomba au mwenye shoka aje serikali ya mtaa amjibu mbele yetu. Na hata angekuwa ametumwa, swali la nani atasafisha bahari bado linataka jibu, maana wavuvi wa Chongoleani watalila wao hilo.

Hofu yako ya polisi ni ya kweli, ndiyo maana sisemi mama aende peke yake. Meseji isifutwe. Kitochi hakipigi picha ya skrini, basi simu nyingine ipige picha, namba na tarehe vionekane. Aende na mwenyekiti wa mtaa, mjumbe na mwalimu aliyemsomesha kijana, wadai RB, yaani namba ya taarifa yao kwenye kitabu cha polisi. Anayetisha anapenda mtu mmoja mnyonge. Watu wanne wenye majina yao kwenye kitabu cha kituo ni shida kwake. Mimi nimeshasema nitakwenda. Mwenyekiti anasema anafikiria.

Nauliza sasa: nani hapa Tanga amewahi kupeleka meseji ya vitisho kituoni akapewa RB? Ilifuatiliwa, au iliishia kaunta?