Ushauri: tunataka kuchana (kurap) Kiswahili juu ya mdundo wa "Pump Up the Jam", mistari inakataa kukaa

Mdundiko_Kusini

Wakuu, salaam. Kikundi cha dansi cha watu sita kinataka wimbo wa jukwaani wa dakika 3. Wazo ni "Pump Up the Jam" ya Technotronic ya 1989, ila uchanaji uwe wa Kiswahili. Biti inajengwa FL Studio (programu ya kutengenezea muziki), tempo 125, yaani mapigo 125 kwa dakika. Tumekwama sehemu tatu:

1. Mistari inasikika kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Baa (mapigo manne) ya tatu pumzi imeisha. Mfano: "Tumeingia uwanjani na hatutoki mpaka kesho asubuhi."
2. Tukikata sampo (kipande cha rekodi) ya sekunde nne tu kutoka wimbo wenyewe, kuna tatizo? Tunaambiwa chini ya sekunde saba ni ruksa.
3. Mshereheshaji amtaje nani kama mwimbaji wa asili? Kwenye video yupo dada mmoja, mitandaoni wanataja mwingine.

Naomba kuwasilisha.

VinaNaMizani

Mkuu, nimehesabu mstari wako: silabi 23. Kwa tempo 125 baa moja ni sekunde 1.92, na ukiigawa mara kumi na sita kila kipande ni milisekunde 120. Unataka kusukuma silabi 23 kwenye vyumba 16. Hata ukipunguza hadi 16 utakuwa umeziba kila tundu, hakuna pa kuvuta hewa.

Kiswahili kina njia yake hapa, na washairi waliijua kabla ya biti zote hizi: mizani nane, yaani silabi nane kwa mstari. Jaribu hivi:

Tumekuja, hatutoki
hadi jua lichomoze

Kila mstari una mizani 8, nao unakaa baa nzima, silabi moja kila milisekunde 240. Sasa angalia mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: tu-me-KU-ja, ha-tu-TO-ki. KU imeangukia pigo la pili, TO pigo la nne, palepale kofi (mlio wa makofi kwenye biti) linapolia. Hukulazimisha kitu, lugha imejipanga yenyewe. Mchanaji wa Kiingereza anaweza kufunga mstari kwa neno la silabi moja juu ya pigo, akakata. Wewe utabaki na mkia kila mara, ile "ki" baada ya "TO". Usiufiche, uache udunde kati ya kofi na kiki (ngoma nzito ya chini) inayofuata.

Tahadhari mbili. Ukienda nane-nane wimbo mzima itakuwa kama watoto wa chekechea wanahesabu, kwa hiyo kila baa ya nne weka mizani sita tu ("mikono hewani"). Mkazo utaangukia pigo la tatu, pigo la nne linabaki tupu, na hapo ndipo pumzi: nusu sekunde kasoro kidogo, inatosha. Pili, kina cha silabi ya mwisho peke yake hakisikiki kwenye spika kubwa kwa sababu silabi hiyo haina mkazo. Linganisha mbili za mwisho: -toki na -choki, siyo -toki na -baki.

Fundi_wa_Besi

Naongezea upande wa biti, maana nusu ya lile tatizo la "kukimbizwa" linaweza kuwa mdundo umejaa kupita kiasi.

Mtindo huu ni hip-hausi: mdundo wa hausi wa Chicago, juu yake rap. Kiki mapigo yote manne, kofi pigo la pili na la nne, hai-hati (matoazi) ya wazi katikati ya kiki na kiki. Sauti za aina ya Roland TR-909, ile mashine ya ngoma, zitakufikisha. Hai-hati ya kufunga unaweza kuipiga mara 16 kwa baa, lakini usiipe nguvu sawa. Anza na 100, 60, 85, 60, kisha rudia. Zikilingana zote, mdundo unakuwa mashine ya kushonea.

Besi iwe fupi na ijibu kiki, isiilalie. Zikigongana, kwenye simu hutagundua, ila kwenye spika za ukumbi utasikia ngurumo badala ya mapigo. Weka kompresa (kibana sauti) kwenye besi iongozwe na kiki, ishuke desibeli 3 hadi 5 kila kiki inapopiga, na iwe imerudi kabla ya milisekunde 200. Besi na kiki zote kata chini ya hezi 30 (hezi ni kipimo cha uzito au wembamba wa sauti). Sauti ya mchanaji kata chini ya hezi 100, punguza desibeli 2 au 3 kuzunguka hezi 300. Mwangwi weka milisekunde 360, na uwashe mwisho wa mistari tu.

Kuhusu urefu: baa 96 zinakupa dakika 3 na sekunde 4. Utangulizi 8, kiitikio 8, vesi 16, kiitikio 8, vesi 16, dansi tupu 16, kiitikio 8, vesi fupi 8, kiitikio 8. Wachezaji huhesabu nane, baa mbili kwa kila nane, hivyo wana hesabu 48 za kupangia hatua. Wape karatasi hiyo kabla hujamaliza biti. Ukiongeza baa moja ya madoido katikati baadaye, hatua zao zote zinateleza nusu hesabu na lawama inakuja kwako.

Kanda_Mbili

Sampo wekeni tu mkuu, sekunde nne nani atajua. Halafu mwimbaji ni dada yetu Mkongo, Mswahili mwenzetu kabisa, mtajeni kwa fahari.

Mwanasheria_wa_Mtaa

@Kanda_Mbili hapo umechemka mara mbili.

Hakuna sheria ya sekunde saba. Ni hadithi tu ya studio. Wimbo una haki mbili: utunzi (maneno na muziki) na rekodi yenyewe. Ukikata sampo, hata ya sekunde moja inayotambulika, umegusa rekodi, na mara nyingi na utunzi pia, hivyo ruhusa zinahitajika mbili. Ukiipiga upya kwa kinanda chako, rekodi umeikwepa lakini utunzi bado. Na kubadilisha maneno kwenda Kiswahili ni kutengeneza kazi mpya kutokana na ya mwenzio, kwa hiyo ruhusa ya mwenye utunzi ni lazima. Ukipandisha YouTube, mfumo unaweza kuutambua, na hapo ama mapato yanakwenda kwa mwenye haki au video inazuiwa.

Kwa maoni yangu achana na sampo. Tempo 125, kiki nne kwa baa na besi inayojibu havina mwenyewe. Tunga kiitikio chako na besi yenye noti zako, kisha sajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) kama kazi yako. Watu watasikia undugu bila wewe kuchukua kitu cha mtu.

Na kwa anayeng'ang'ania sampo, kuna shida ya kiufundi pia. Sampo iliyotoka kwenye santuri haikai 125 kamili. Ikiwa 124.6, ukiiachia bila kuikata, baada ya baa 32 imechelewa sekunde 0.2 hivi, karibu nusu ya pigo. Kiki mbili zinaanza kukohoa.

Santuri_Kuukuu

Swali la tatu. Sauti ni ya Ya Kid K, jina lake Manuela Kamosi, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Ubelgiji na aliyewahi kukaa Chicago. Muziki ni wa Jo Bogaert, Mbelgiji aliyeanzisha Technotronic. Utunzi wameandikwa wote wawili. Anayeonekana kwenye video na jaladani ni Felly, mwanamitindo, naye pia Mkongo, aliyefumba na kufumbua mdomo juu ya sauti ya mwenzake. Matoleo ya mwanzo yalimtaja Felly, ndiyo maana mnachanganyikiwa. Kwenye video ya "Get Up! (Before the Night Is Over)", wimbo wao mwingine, Ya Kid K alionekana mwenyewe.

Huo ulikuwa ugonjwa wa zama zile. Kundi la Black Box walifanya hivyohivyo kwa sauti ya mwimbaji Martha Wash, na kundi la C+C Music Factory wakamrudia mama huyohuyo mwaka 1990. Alikwenda mahakamani. Novemba 1990 Milli Vanilli, ambao hawakuimba wenyewe kwenye rekodi zao, wakanyang'anywa tuzo yao ya Grammy.

Na tusiupunguze uzito wake. Wimbo ulifika namba 2 Marekani na namba 2 Uingereza, ukaitoa hausi klabuni ukaiingiza redio ya mchana. Baadaye muziki wa dansi wa Ulaya ulizoea mwanamume achane, mwanamke aimbe kiitikio. Hapa msichana ambaye hajafika miaka ishirini anabeba vyote, kwa sauti kavu, bila kubembeleza. Mkimpa mchanaji wa kiume vesi zote na dada kiitikio, mtakuwa mmeiga nyimbo zilizokuja baadaye, siyo huu.

Jambo dogo kwa Kanda_Mbili: Kinshasa ni mji wa Kilingala. Kiswahili cha Kongo kiko mashariki, Lubumbashi, Bukavu, Goma. Msimpachike lugha.

Mdundiko_Kusini

Nimewaelewa wakuu. Sampo tumeiacha, kiitikio kinatungwa upya, na vesi zote anachana dada. Moja la mwisho: baada yetu DJ anaingiza singeli. Tunaunganishaje?

Fundi_wa_Besi

Mara mbili ya 125 ni 250, na singeli nyingi zinacheza jirani na hapo. Mwambie DJ atafute ya 245 hadi 255 aivute kidogo. Nyinyi malizeni kwa baa 8 za kiki na hai-hati tupu, besi ikiwa imezimwa, naye aingize singeli juu yake bila besi kwa baa nne za kwanza. Besi aifungue baa ya tano.

VinaNaMizani

Na kwenye hizo baa nane dada asichane. Afunge kabla yake na "hadi jua lichomoze", ashushe maiki.