TV nimeichomoa ukutani, bado imenipiga shoti. Nakosea wapi?

Kijana wa Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha ufundi wa TV na redio, huu mwaka wa pili. Jana nimeletewa TV bapa ya inchi 32, imekufa kabisa, hata taa nyekundu haiwaki. Nikaijaribu kwa balbu yangu ya siriazi ya wati 100 (umeme unapita kwenye balbu kwanza ndipo ufike kwenye TV), ikamulika mara moja ikazima. Nikachomoa waya, nikafungua mgongo, nikatoa skrubu za bodi ya pawa. Hapo mteja akapiga simu, tukaongea kama dakika tano.

Niliporudi kuigeuza bodi, dole gumba na kidole cha shahada vikagusa miguu ya ile kapasita kubwa. Jamani! Bodi iliruka hadi mlangoni, kiwiko kikagonga rafu, na vidoleni nina vidoa viwili vyeupe kama nimechomwa na ncha ya solda.

Umeme umetoka wapi na waya umechomolewa? Balbu ya siriazi si ndiyo kinga yetu? Na mwenye nyumba kafunga ile breka ya RCD ya miliampia 30, ya kukata umeme ukivuja, mbona haikuanguka?

Mzee wa Solda

Pole sana mwanangu. Kabla ya yote: kama kifua kinabana au moyo unaruka mapigo, acha kusoma hapa uende hospitali. Bahati yako umeme ulipita kati ya vidole vya mkono mmoja. Ungeingilia mkono huu ukatokea ule, ungekatiza kifuani.

Umeme wetu ni volti 230, lakini ukishapita kwenye dayodi nne unajaza kapasita hadi kilele chake, kama volti 325 za DC. Ule mmuliko ulioona kwenye balbu ndio kapasita ilikuwa inashiba. TV isiyo mbovu ukiichomoa, sakiti inaendelea kunywa akiba ile hadi iishe. TV yako haina mnywaji: fyuzi ni nzima, kapasita imejaa, ila saketi ya kuwasha haianzi. Ndiyo maana mimi naogopa TV iliyokufa kuliko inayowaka. Watengenezaji wengine huweka risista ya kumwagia akiba hiyo, lakini nayo hukatika kama risista yoyote, usiiamini.

Balbu inalinda bodi isilipuke, wewe haikulindi. Ikiwaka kamili inapitisha zaidi ya miliampia 400, na binadamu makumi machache tu yanamtosha. Na RCD inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Kapasita iliyochomolewa ukutani RCD itaijuaje?

Fundi Chapchap

Mnamtisha dogo bure. Mimi miaka yote nashoti miguu ya kapasita kwa bisibisi, PA! kazi inaendelea.

Mzee wa Solda

Chapchap, hiyo bisibisi yako itazame ncha, najua imeliwa kama jino bovu. Ile cheche hung'oa njia za shaba kwenye bodi, na siku moja itarusha punje ya bati jichoni. Halafu una uhakika gani kwamba uligusa miguu yenyewe?

Kijana, tafuta risista ya kilo-omu 2.2, ya wati 10, ile nyeupe ya udongo. Ifunge waya wenye klipu kila upande, viungo vyote uvivike mpira. Kapasita ya maikrofaradi 220 inamwagika kwa sekunde mbili na nusu hivi. Mimi nashikilia hadi kumi, maana sina haraka. Kisha pima kwa mita, DC, renji kubwa. Ila mita yenyewe ijaribu kwanza kwenye betri unayoijua, maana waya wa mita uliokatika ndani nao husoma sifuri. Na hakikisha waya mwekundu haupo kwenye tundu la ampia 10. Nishawahi kupima volti hivyo. Ncha ya mita iliyeyuka mkononi.

Microwave usiguse kwa mazoea haya. Kule kapasita inabeba zaidi ya volti 2,000.

Mama Saketi

Shikamoo Mzee. Naongezea kidogo, nafundisha vijana umeme. Kosa ninaloliona kila muhula ni waya mtupu kuchomekwa kwenye soketi kwa njiti za kiberiti. Ukijikwaa, waya wa moto unabaki unaning'inia. Nunua plagi ya pini tatu, na mezani weka swichi ambayo hata mtoto wa jirani anaweza kuizima bila kukugusa.

Ukilazimika kupima bodi ikiwa hai, bana waya mweusi wa mita kwa klipu kabla ya kuwasha, kisha tumia mkono mmoja. Pete na saa vua, na ndala zilizolowa usisimame nazo. Transfoma ya kutenganisha (isolation), volti 230 kwa 230, inasaidia sana ukigusa waya mmoja kwa bahati mbaya. Ukishika zote mbili haikusaidii, na RCD haitashtuka.

Kijana wa Mbagala

Shikamoo ya Mzee nimeipokea mimi kwa niaba, hahaa. Asanteni. Kifua kiko salama, kidole ndicho kinauma.

Leo asubuhi nimebana klipu za mita kwanza, nikawasha, nikachomoa, nikatoa klipu moja, nikakaa dakika tano kwa saa. Kuirudisha: volti 281! Nikamwaga kwa risista, ikashuka hadi 2. Risista ya kuanzishia ilikuwa imekatika, nimebadilisha, TV inaongea.

Balbu naendelea nayo. Nimeiandikia kwa maka: BODI TU.