Maziwa, magnesiamu au omeprazoli: kipi kinalinda tumbo la mnywaji?

Mtu wa Moro
Wakuu, salaam. Kaka yangu anakunywa kila wikiendi, na Jumatatu ni kiungulia na moto chini ya chembe ya moyo. Baa wanamshauri atangulize maziwa. Duka la dawa wamempa magnesiamu ya kutafuna. Jirani yetu anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, akiwa mlangoni anatoka kwenda kunywa. Kipi kinasaidia kweli?

Bi Shangazi
Maziwa yanapoza kwa muda tu, kisha tumbo linatoa asidi zaidi. Mimi natetea chakula: ugali na samaki au ndizi nyama, kabla ya chupa ya kwanza. Pombe ikikuta chakula inachanganyika nacho na inachelewa kuingia kwenye damu. Mtori wa kuzimua asubuhi unashibisha, ila tumbo limeshaungua usiku.

Fundi Rangi
Anakunywa nini? Konyagi ina asilimia 35 ya pombe, bia nyingi zinacheza kwenye 5. Kavu kavu kwenye tumbo tupu hakuna dawa itakayozuia. Achanganye na maji, na apunguze.

Nesi Mbeya
Magnesiamu inatuliza asidi iliyopo, basi. Pombe yenyewe inaharibu ule ute unaofunika ukuta wa tumbo na kuumiza seli za chini yake, hata asidi ikiwa kidogo. Omeprazoli ina nguvu zaidi, lakini jirani anaimeza vibaya: inataka nusu saa hivi kabla ya kula, na siku kadhaa mfululizo ndipo ifanye kazi sawasawa. Inasaidia tumbo kupona mtu akiwa ameacha pombe. Ukiimeza huku unakunywa, maumivu yanatulia na kidonda kinaendelea.

Naomba kuuliza, kichwa kikimuuma asubuhi anameza nini?

Mtu wa Moro
Diklofenaki. Kila Jumapili.

Nesi Mbeya
Anzeni hapo, ndugu yangu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinadhoofisha kinga ya tumbo, na zikikutana na pombe linaweza kuvuja damu. Panadol nazo asizidishe, ini litaumia. Akitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au choo kikawa cheusi kama lami, mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Apime pia H. pylori kwa choo. Huyo bakteria ni chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Watafiti Marshall na Warren walipata tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Anatibiwa kwa antibayotiki pamoja na omeprazoli.

Mtu wa Moro
Asante sana dada. Choo chake ni cha kawaida, nimemuuliza. Diklofenaki nimeziondoa. Aanze omeprazoli leo?

Nesi Mbeya
Asianze kabla ya kupima. Anayeitumia huisimamisha wiki mbili kabla ya kipimo, la sivyo majibu yanaweza kuonyesha hana bakteria kumbe anaye. Kwa sasa magnesiamu itamvusha, na pombe aiweke kando.