Lebedev au Gassiev: nani mkali zaidi uzito wa kruza?

Kona Nyekundu: Wakuu, mabondia wengi wa Urusi wametamba kwenye kruza, yaani mwisho kilo 90.7, ila ubishi wa kijiweni umebaki kwa wawili. Mimi namchukua Murat Gassiev. Moscow, Desemba 2016, alimshindilia Denis Lebedev konde la kushoto la ubavuni raundi ya 5, jamaa akaenda chini, mkanda wa ubingwa wa dunia wa shirikisho la IBF ukahama. Mnabisha nini?

Babu Ulingo: Mengi tu. Siku hiyo Lebedev ana miaka 37, mwenzake 23. Na bado aliinuka akamaliza zote 12, majaji wakagawanyika wawili kwa mmoja. Miezi michache nyuma alikuwa amemmaliza Ramírez raundi ya 2, akabeba mikanda ya WBA (shirikisho jingine la ngumi) na IBF kwa pamoja.

Mshoto Jr: Usimpambe sana. Pambano lake na Mmarekani Roy Jones 2011 nalo tulisifie? Mtu kashaduwaa, mikono chini, mwamuzi anatazama tu, Lebedev akamwongezea.

Babu Ulingo: Mlaumu mwamuzi. Wewe katazame la 2013 na Guillermo Jones wa Panama. Jicho la kulia la Lebedev lilivimba mapema likafunga kabisa, uso hautazamiki, na alikomaa mpaka alipomalizwa raundi ya 11. Baadaye vipimo vikamkuta Jones na furosemide, dawa ya kukojoza iliyopigwa marufuku michezoni, mkanda ukarudishwa kwa Lebedev. Mwaka 2014 wakapanga marudiano, Jones akakutwa nayo tena, pambano likafutwa siku hiyohiyo! Moyo ule Gassiev hajawahi kuuonyesha.

Dada wa Kona: Hajawahi? Sochi, Februari 2018, mpinzani wake Dorticos alikuwa anapiga kama nyundo. Gassiev akavumilia, raundi ya 12 akamwangusha mara tatu.

Babu Ulingo: Sawa. Halafu Julai akaja Usyk wa Ukraine, Moscow. Jaji mmoja aliandika 120-108, maana yake Gassiev hakupata hata raundi moja! Alimfuata mtu usiku kucha, ngumi hazitoki. Baada ya hapo akahamia uzito wa juu.

Kona Nyekundu: Kupigwa na Usyk ni aibu? Mabingwa wa uzito wa juu Joshua na Fury nao wameonja. Lebedev alipigwa 2019 na Mchunu wa Afrika Kusini, tena huko huko Urusi.

Babu Ulingo: Akiwa na miaka 40, kijana.

Mshoto Jr: Kwani nani alimlazimisha kupanda ulingoni?