Tupeane uzoefu: Uliishije na mwenza wa umisionari ambaye hukumchagua?

Mwanzisha mada (2006 hadi 2008)

Ndugu zangu mliowahi kuvaa ile beji nyeusi yenye jina la ukoo, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo moja tu, nalo ni mwenza. Habari za mafundisho na ubatizo zimeandikwa vya kutosha, lakini habari za mwenza husimuliwa kwa sauti ya chini, tena baada ya miaka mingi kupita.

Kwa wasiofahamu, mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hatembei peke yake. (Wengi bado wanatuita Wamormoni, ingawa mwaka 2018 Rais wa Kanisa wa wakati huo, Russell M. Nelson, alisisitiza kwamba jina kamili la Kanisa ndilo litumike.) Wamisionari hutumwa wawili wawili, kama wanafunzi katika Marko 6:7, wanaume kwa miezi 24 na wanawake kwa miezi 18, na anayeamua nani aishi na nani ni rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wote wa eneo hilo. Wewe huulizwi. Kanuni inataka mwenza awe mahali unapoweza kumwona na kumsikia wakati wote; mnalala chumba kimoja, kila mtu na kitanda chake, na faragha yote uliyo nayo duniani imo bafuni. Kila baada ya majuma sita huja habari za uhamisho, nawe hujui kama utabaki naye au utafungasha.

Nianze mimi. Nilifika ugenini nikiwa na miaka 19, baada ya majuma tisa katika kituo cha mafunzo cha Provo, Utah, nikiwa na hakika kwamba lugha ya huko nimekwisha kuimudu. Mwenza wangu wa kwanza, ambaye kazi yake ilikuwa kumzoesha mgeni kazi, alinipokea, akamjibu dereva swali fulani, wakacheka wote wawili, nami sikuambulia hata neno moja. Siku zote zilizofuata zilifanana: kuamka saa 12:30 asubuhi, mazoezi ya viungo, kujisomea saa 2:00, kusoma pamoja na mwenza saa 3:00, kisha barabarani hadi saa 3:00 usiku, na taa kuzimwa saa 4:30. Katika saa zote hizo nilichokiona zaidi ni mgongo wake, kwa sababu alitembea haraka, hatua mbili mbele yangu, mvua inyeshe au jua liwake. Mgongo ule niliuchukia. Niliujua hadi mshono wa koti.

Mwisho wa kila juma, tukishapanga kazi, tulitakiwa kufanya tathmini ya sisi wenyewe, yaani kila mmoja amwambie mwenzake lililo jema na linalohitaji kurekebishwa. Kwa majuma manne tuliidanganya tathmini hiyo kwa kusema kwamba mambo ni mazuri. Juma la tano nikamwambia kwamba anatembea kana kwamba ananikimbia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema alidhani mimi ndiye ninayebaki nyuma kwa makusudi kwa kuwa naona aibu kuonekana naye, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na miezi mitano tu katika misheni, hajui lolote la kumfundisha mtu, na usiku halali. Kuanzia hapo alipunguza mwendo kwa siku tatu, akasahau. Basi tukakubaliana kwamba akisahau nitakohoa. Hadi leo akinipigia simu huanza kwa kukohoa.

Karibuni. Msione haya kuandika hata yaliyoishia pabaya.

Dada (2013 hadi 2014)

Mimi ni miongoni mwa wasichana walioondoka baada ya tangazo la Oktoba 2012, pale Rais wa Kanisa wa wakati huo, Thomas S. Monson, aliposema wanawake wanaweza kuanza kuhudumu wakiwa na miaka 19 badala ya 21, na wanaume 18 badala ya 19. Idadi ya wamisionari ilipanda kutoka takriban 58,000 hadi kupita 85,000 kufikia mwisho wa 2014. Mnaposoma takwimu hizo mnaona baraka, na ni kweli, lakini sisi tuliokuwa ndani yake tuliona jambo jingine pia: dada mwenye miezi mitatu ya uzoefu anakabidhiwa dada mwenye siku tatu.

Mwenza wangu wa pili aliugua kwa siku tisa. Haukuwa ugonjwa wa kutisha, lakini ulimlaza kitandani, na mwenza akilala ndani nawe umelala ndani, kwa sababu huruhusiwi kutoka peke yako hata kwenda kumwambia mtu kwamba hamtafika. Siku ya kwanza nilimhudumia kwa moyo mmoja. Siku ya tatu nilikuwa nimesafisha kila kilichosafishika. Siku ya tano nilianza kumkasirikia kwa kukohoa (mwanzisha mada atanisamehe), nami nilipogundua kwamba namkasirikia mgonjwa, nikajifungia bafuni nikalia, naye akawa ananiuliza kupitia mlango kama ninaumwa na mimi. Nilimwambia ukweli. Alicheka hadi akashindwa kupumua, akaniambia kwamba juma lililotangulia yeye naye alijifungia humo humo kwa sababu yangu, kwa kuwa nina tabia ya kusoma kwa kunong'ona na mnong'ono huo ulikuwa unamtia wazimu.

Siku ya sita viongozi wa mafunzo wa akina dada walikuja kufanya mabadilishano: mmoja akabaki na mgonjwa, mwingine akatoka nami. Sikumbuki tulimfundisha nani siku hiyo. Nakumbuka upepo.

Niongeze kuhusu fedha, kwani hakuna anayeitaja. Kazi hii haina mshahara. Unaishi kwa posho ya mwezi inayotokana na michango yako, ya familia au ya Kanisa, na posho za watu wawili zinakutana kwenye sufuria moja. Ugomvi wetu mkubwa kuliko yote haukuhusu imani wala lugha. Ulihusu sabuni.

Aliyehudumu 1994 hadi 1996

Ninyi wa karibuni mna ahueni. Tangu Februari 2019 mmisionari anaweza kuzungumza na wazazi wake kila juma, na hata ratiba ya siku ililegezwa kidogo mwanzoni mwa 2017. Enzi zetu simu za nyumbani zilikuwa mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Akina Mama, na barua iliweza kukaa njiani hadi habari yake ikachina. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema ili mwelewe kwa nini mwenza alikuwa ndiye mtu pekee.

Mwezi wa kumi na moja rais wa misheni alipiga simu usiku na kuomba kuzungumza na mwenza wangu. Baba yake alikuwa amefariki. Alipewa nafasi ya kuchagua kama atarudi nyumbani au atabaki, akaongea na mama yake kwa simu, akachagua kubaki. Mimi na yeye tulitoka nchi mbili tofauti, na lugha tuliyoitumia ilikuwa ya watu wa pale, ambayo sote wawili tulikuwa tukiijua kwa kubabaisha, lugha ya kuulizia njia na kueleza maandiko. Sikuwa na neno lolote la msiba katika lugha hiyo. Nilijua kusema "pole" kama mtu anavyomwambia aliyejikwaa.

Kwa hiyo nilichukua pasi. Nilipiga mashati yake meupe matano, kisha ya kwangu, kisha nikarudia ya kwake, huku yeye ameketi ukingoni mwa kitanda akinitazama. Hakuna aliyezima taa saa 4:30 usiku ule. Asubuhi alivaa shati, akasimama mlangoni akanisubiri, tukatoka. Tuliishi pamoja miezi mitatu zaidi na jambo lile hatukulizungumza tena. Mwaka juzi mwanawe aliitwa kuhudumu, naye akaniandikia akiniomba ushauri wa kumpa kijana. Nikamjibu amfundishe kupiga pasi. Aliniambia ndilo jambo la kwanza alilomfundisha.

Mzee wa miaka 18 (2016 hadi 2018)

Naomba kuchangia kwa ufupi juu ya majina. Tunaozungumza Kiswahili tulikuwa na burudani yetu wenyewe, kwa sababu cheo cha mmisionari wa kiume kwa lugha yetu ni "Mzee", nami nilikuwa Mzee kabla sijaanza kunyoa ndevu. Bibi yangu hakuwahi kukubali. Kila barua aliianza kwa jina langu la utotoni, na chini yake akaandika, "Mzee ni babu yako." Neno "mwenza" lenyewe lilinipa taabu nilipowaeleza ndugu zangu, kwani wao walilizoea katika habari za mke mwenza, na mjomba aliuliza kwa utulivu mkubwa tulikuwa tumeolewa na nani.

Lakini jambo zito lililo ndani ya mzaha huo ni hili: tuliitana kwa cheo na jina la ukoo, asubuhi hadi usiku, hata katika ugomvi, na mwenza wangu wa tatu niliishi naye majuma 12 bila kujua jina lake la kwanza hadi siku nilipoiona pasipoti yake. Nililisoma mara mbili. Nilihisi kana kwamba nimefungua barua isiyo yangu.

Aliyerudi mapema (2015)

Nimewasoma wote kwa makini, na ninaona kwamba katika kila simulizi mwenza mgumu anageuka kuwa ndugu. Wangu hakugeuka, na kwa kuwa mwanzisha mada amesema tusione haya, nitaandika.

Mwenza wangu wa tatu alikuwa na simu ambayo haikuruhusiwa, na usiku alitoka. Alikuwa haendi mbali wala, kwa kadiri nilivyojua, hafanyi uovu. Alikuwa na rafiki aliyempata pale mtaani, wanakaa ngazini na kuzungumza. Lakini akitoka yeye, nimevunja kanuni mimi niliyebaki, kwa kuwa tumeachana. Nilikuwa na njia mbili: kunyamaza na kuwa mshirika wake, au kumwambia rais wa misheni na kuwa mpelelezi wake. Watu husema mwenza ni kinga, na sikatai, ila hawasemi kwamba kinga na mlinzi wa gereza hukaa chumba kimoja na kuvaa beji moja.

Nilinyamaza majuma matatu. Kisha nikasema. Alihamishwa kwa dharura, asubuhi moja tu, na aliyeletwa badala yake alikuwa mtu mpole sana ambaye nilimwogopa bure, kwa sababu nilidhani ameambiwa anichunguze. Sikulala vizuri tena. Mwezi wa saba niliomba kurudi nyumbani. Sikuwa nimefanya kosa wala sikuwa mgonjwa kwa ugonjwa unaoonekana. Nilikuwa nimechoka kutazamwa na kutazama. Nyumbani watu waliniuliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mzito kuliko matusi, kwani kila mmoja alikuwa akitafuta kosa ambalo angenisamehe.

Aliyerudishwa Machi 2020

Ndugu uliyetangulia, pole sana, na asante kwa kuandika. Sina jibu la jambo lako; nina jambo la upande wa pili wa hilo la kutazamwa.

Korona ilipoenea, wamisionari wengi waliokuwa nje ya nchi zao walirudishwa. Kwetu taarifa ilikuja jioni, kesho yake tukawa uwanjani. Mwenza wangu alipanda ndege yake, mimi yangu, tukaagana kwa kugongana viwiko. Nilipofika nilitengwa siku 14 chumbani peke yangu, chakula kikiachwa mlangoni. Miezi 13 nilikuwa nimeota usiku mmoja tu wa kulala bila kusikia mtu mwingine akikoroma, na usiku wenyewe ulipofika nilikaa macho hadi alfajiri. Nilijikuta nasema "naenda bafuni" kwa sauti, kama tulivyozoea kuarifiana, katika chumba kisicho na mtu. Kwenye siku ya nne nilimpigia simu, naye akakiri kwamba amekuwa akifanya vivyo hivyo. Tukaiacha simu wazi, kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote. Ndugu uliyerudi mapema, simulizi yako nimeisoma mara tatu, na kwa kweli niliposema watu waandike hata yaliyoishia pabaya sikuwa nimefikiri mbali kiasi hicho. Ukiridhia, naomba kuuliza: yule mwenza mliwahi kuwasiliana tena?

Aliyerudi mapema (2015)

Mara moja, mwaka 2018. Aliniandikia mistari miwili, akanijulia hali, kisha akauliza kama ni mimi niliyemsema kwa rais. Nilimjibu kuwa ndiyo, ni mimi. Ujumbe unaonyesha kwamba aliusoma siku hiyo hiyo.