Nyie mawakala wa Mwanza mnaouza "leseni ya kimataifa", mnatuona mazuzu?

Mwangaluka wakuu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa viza, hii ni habari nyingine kabisa, na leo nina hasira hata sijui nianzie wapi.

Niko likizo nyumbani Buhongwa. Jana jioni nimekaa nje na dogo, mtoto wa mjomba, anaendesha Kosta ya Mwanza–Geita, juzijuzi kapata mchongo wa Canada. Tunapiga stori za daraja, ananiambia kaka siku hizi foleni ya kivuko pale Kigongo imebaki hadithi, unakatiza kilomita tatu juu ya ziwa ukija kushtuka uko Busisi, afu katikati ya stori anachomoa bahasha. "Kaka suala la leseni nimeshalimaliza, nimeweka advansi laki mbili, nikifika naendesha tu." Nikaichukua nikasoma. Wakuu, nembo ileile, ghorofa ileile pale mjini, na maneno yaleyale niliyopewa mimi mwaka 2023: endesha nchi yoyote duniani, hakuna mtihani.

Nilinyanyuka nikaingia ndani nikanywa maji nikarudi. Maana hiyo karatasi mimi ninayo. Mimi nilitoa laki tatu na nusu.

Sa ngoja niwape mkasa wote, mwenye haraka apite.

Mimi dereva toka zamani. Nimeanza na Hiace za hapahapa mjini, nikaja kupewa Fuso ya dagaa, napakia Mwaloni Kirumba nashusha Dar, miaka kumi na mbili barabarani sijawahi kugonga hata kuku (sawa, kuku mmoja, Nzega, na alijitakia). Baadaye nikasoma kozi ya uhudumu wa afya, nikapata kazi Uingereza ya kuhudumia wazee majumbani. Kazi yenyewe lazima uwe na gari, asubuhi uko kwa bibi huyu unamwogesha, dakika arobaini baadaye uko kijiji kingine kwa babu yule unampa dawa. Bila leseni huna kazi. Ndo nikapelekwa kwa huyu kijana wa tai pale ghorofani, akaniambia bro leseni ya Tanzania kule hawaitambui, unahitaji ya kimataifa, hii ukiwa nayo umemaliza kila kitu hadi unazeeka.

Uongo mara tatu kwenye sentensi moja.

Kwanza hicho kitu sio leseni. Ni kijitabu cha kutafsiri leseni yako ya nyumbani, kinatambuliwa na Mkataba wa Geneva wa 1949, na kinaishi mwaka mmoja. Bila leseni yenyewe hakina kazi hata ya kufungia karanga. Pili kimetengenezwa kwa mtu anayepita, mtalii, mfanyabiashara, sio mtu anayehamia na mabegi. Na la tatu ndo linaloniuma hadi leo, Uingereza ukihamia unaruhusiwa kuendesha kwa leseni yako halali ya kwenu miezi 12 toka siku ulipoanza kuwa mkazi. Leseni ya kwenu! Ile ya TRA ya elfu sabini! Yaani laki tatu na nusu yangu ilinunua kitu nilichokuwa nacho mfukoni tayari.

Nikafika Februari 2023, nikanunua Corsa kuukuu, bima yake ilikuwa kama nainunulia gari la pili, nikaanza kuruka nyumba hadi nyumba. Mimi naona maisha yamekaa sawa. Kushoto wanaendesha kama sisi, usukani kulia kama sisi, vipilefti vipo kila kona utadhani mji mzima umejengwa kuzunguka ile sanamu yetu ya samaki pale Mwanza mjini. Hakuna aliyenisimamisha. Hakuna aliyeniambia kitu. Ofisi nayo kimya, wao shida yao ni bibi awe ameogeshwa.

Mwezi wangu wa kumi na moja toka nifike, nimekaa kwenye gari na dada mmoja Mzimbabwe tunakula chipsi, ananiambia leseni yangu imerudi na posta, mpya, ya kwao. Nikamuuliza ulifanya mtihani lini. Mtihani gani? Zimbabwe ipo kwenye orodha, anatuma fomu na leseni yake ya zamani na pauni 43, wanambadilishia. Afrika Kusini ipo. Tanzania haipo. Kenya haipo, Uganda haipo. Ziwa zima hili halina mtu. Sisi miezi 12 ikiisha unaanza moja kama mtoto wa kidato cha sita, lena (leseni ya kujifunzia), mtihani wa kompyuta, mtihani wa barabarani, ndo uguse usukani tena peke yako. Wala usijidanganye kwamba ukija likizo Mwanza ukarudi saa inaanza upya, haianzi.

Nikahesabu. Nilikuwa nimebakiza wiki tano.

Sasa hapa ndo ningependa yule kijana wa tai asome taratibu. Lena niliomba usiku uleule, pauni 34. Mtihani wa kompyuta pauni 23, maswali 50, lazima upate 43, mimi nikapata 41. Nikarudia. Afu kuna sehemu ya pili ya video, unaangalia barabara ukiona hatari inaanza kujitokeza unabonyeza. Mnajua dereva wa Mwanza anaonaje barabara? Mimi kila kitu hatari! Mtu kasimama pembeni, nabonyeza, huyu anavuka. Baiskeli, nabonyeza. Mbwa, gari limeegeshwa, mama na toroli, nabonyeza, maana kwetu nyuma ya kila gari lililoegeshwa kuna bodaboda anatokea bila kuangalia. Mashine ikaniandikia kwenye video moja kwamba nimebonyeza ovyo, sifuri. Yaani kompyuta inadhani nabahatisha kumbe naona mbali kuliko wao bana.

Mara ya pili nikapita, tayari Aprili 2024, miezi 12 ilishaisha Februari. Gari limepaki mbele ya nyumba linaota ukungu na bima nalipa.

Mtihani wa barabarani ndo kaburi. Nikaingia kutafuta nafasi, ya karibu miezi mitano mbele. Kuna watu wanazikamata kwa programu za kompyuta afu wanakuuzia pembeni, mmoja aliniambia pauni 200 na kitu kwa mtihani ambao bei yake siku za kazi ni pauni 62. Kumbe walanguzi hawapo stendi ya Nyegezi peke yake.

Hiyo miezi mitano unaruhusiwa kuendesha lakini kwa kibao cha L mbele na nyuma, na pembeni yako akae mtu wa miaka 21 kwenda juu mwenye leseni kamili kwa miaka mitatu au zaidi. Mimi nikampata kijana wa Tanga, miaka 24, anasoma chuo, mtoto ana adabu sijapata kuona. Kila tukiingia garini, "Shikamoo mjomba." Marahaba. Dakika mbili baadaye, "Mjomba samahani, kioo." Mtu nimepandisha mlima Sekenke usiku na Fuso imejaa dagaa, naambiwa samahani kioo na mtoto aliyezaliwa mimi tayari nanyoa ndevu.

Kazini wakaniweka kwenye zile nyumba za wahudumu wawili ili nipande gari la mwenzangu. Masaa yakashuka kutoka arobaini na kitu hadi kumi na nane kwa wiki. Na viza yangu imeshikwa na kazi hiyohiyo, sponsa akisema masaa hayatoshi ndo basi tena. Kuna mwezi nilimwambia mama watoto ada ya shule tutaangalia. Hilo neno "tutaangalia" mnalijua.

Septemba nikafanya, nikafeli. Sio kwa kutojua gari. Nimefika makutano nakata kushoto, kuna mzee amesimama anataka kuvuka ile barabara ninayoingia, kwao toka mwaka 2022 mtu anayesubiri kuvuka pale unampisha. Mimi nikamwonyesha heshima yetu ya Mabatini, kwamba asubiri nipite kwanza aendelee na maisha yake. Yule mtahini hata hakunyanyua kichwa, aliandika tu. Foleni upya. Nikapita Februari 2025. Mwaka mzima kamili wakuu, nalipa mwalimu pauni 38 kwa saa kunifundisha kazi niliyoifanya miaka kumi na mbili, na sikatai, kuna vitu alinifundisha kweli, vioo nilikuwa naangaliaga nikitaka kuona kama trafiki amenifuata tu.

Sasa hasira yangu sio kwa Waingereza. Nchi yao, sheria yao, wameiandika mtandaoni kwa herufi kubwa, mjinga mimi sikusoma. Hasira yangu ni kwamba kama yule kijana angeniambia tu "bro una miezi 12, siku ya kwanza ukishuka ombea lena", nisingepoteza kitu. Ningeomba Machi 2023, ukiomba mapema unaendelea kuendesha peke yako bila hata kibao cha L mpaka mwaka wako uishe, huku unafanya mitihani taratibu. Ilikuwa sentensi moja. Kwa laki tatu na nusu nilistahili sentensi moja.

Na huyu dogo sasa anaenda jimbo la Ontario huko Canada. Kule sio miezi 12, ni siku 60. Siku sitini! Na kama unataka wakuhesabie miaka yako ya kuendesha zaidi ya mmoja wanataka barua kutoka mamlaka iliyokupa leseni, sasa hiyo barua unaipata ukiwa hapa ukiwa na miguu ya kuzungushia ofisini, sio ukiwa kule kwenye barafu unapiga simu saa nane usiku. Tai hakumwambia barua. Hakumwambia siku 60. Hata kwamba Canada wanaendesha kulia hakumwambia, dogo kalijua hilo jana kutoka kwangu, akabaki anacheka akidhani namtania, nikamwambia mbona Rwanda hapo ukivuka Rusumo tu unahamia kulia, una la kucheka?

NAONGEZEA: Naona mdau hapo chini anasema "mbona jamaa yangu yuko huko mwaka wa tatu anaendesha kwa leseni ya bongo hajakamatwa". Mwambie aombe asikamatwe. Kule polisi hakupigi tochi kichakani kama Misungwi afu mkaongea, gari lao linasoma namba yako likipita tu na linajua kama bima ipo. Na leseni ikiwa haifai kampuni ya bima inaweza kukukana. Kuendesha bila bima faini inaanzia pauni 300 na pointi 6, gari wanalibeba. Afu pointi zinakusubiri, hata ukija kupata leseni yao, ukifikisha 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza wanaifuta unarudi lena. Huyo jamaa yako sio mjanja, hajafikiwa tu.

Mwingine kaniuliza Ujerumani. Miezi sita. Marekani kila jimbo na lake, California ukishakuwa mkazi ni siku 10. Usiulize wakala, fungua tovuti ya serikali ya huko unakokwenda, tena jimbo lenyewe.

Na kwa yule aliyekuja inboksi kuuliza kama bado napokea watu wa kazi ya wazee Uingereza, kwanza mimi sio wakala, tusi kubwa hilo. Pili hiyo njia walishaifunga kwa wanaoomba kutoka nje toka 22 Julai 2025. Ukiona bado kuna mtu anakuuzia hapo mjini ujue ni ndugu yake huyu wa tai.

Kesho saa nne asubuhi naenda na dogo pale ghorofani kudai laki mbili yake. Ya kwangu najua imeshaliwa ila risiti ninayo, imeandikwa neno moja tu, "huduma". Kama kuna mwingine alilipa pale aje PM leo usiku, tukutane chini kwenye ngazi tupande wengi.