Tupeane uzoefu: siku ya mabembea na watoto, mnakula saa ngapi na mnapumzika wapi?

Mama Pacha, Bweyogerere
Habari za jioni, ndugu zangu. Likizo ya Agosti imefika na hawa wangu wanadai bustani za mabembea za hapa Kampala kabla hata hawajapiga mswaki. Mambo ya kiingilio na njia nimeshaulizia. Nataka tuongee yale yasiyobandikwa getini: tumbo, usingizi, na utajuaje kwamba sasa yatosha. Naanza mimi.

Kwangu ratiba inapangwa na mdogo kuliko wote. Kitinda mimba wangu ana miaka minne, na huwa hachoki kwa kelele, ananyamaza kwanza. Nikiona ameacha kuuliza "kile nini, mama?" na ameanza kuvuta sikio, najua muda umeisha hata kama tiketi zingali mkononi. Hatuondoki. Natafuta kivuli, natandika kitenge, namlaza mapajani, wakubwa wanaendelea na baba yao kwenye vigari vya kugongana. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji kulala jumla ya saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Sasa watu wanamwamsha alfajiri na mapema ili wawahi foleni, kisha saa saba mchana wanamgombeza eti ana deko.

Haya, karibuni.

Baba Sauda, Bombo
Mama Pacha umesema. Mimi niongelee tumbo.

Sikukuu ya Idi tulikuwa kwenye bustani moja ya michezo, imejaa pomoni. Mbele yetu kijana wa watu, kanzu nyeupe pe, ametoka kumaliza sahani ya chipsi na soda nyekundu, moja kwa moja akapanda lile duara linalozunguka. Raundi ya tatu hivi nikaona ameshika mdomo. Kanzu ile hata sabuni ya mche isingeiokoa, na aliyekaa naye alipata mgao wake.

Kuna sababu. Ndani ya sikio kuna majimaji yanayoupa ubongo habari za mwendo. Sikio likisema tunazunguka na jicho linasema vingine, kichefuchefu hicho, na tumbo lililojaa mafuta halichelewi. Kwa hiyo sisi tunakula chai nzito nyumbani, gurusa, ule mkate mwembamba wa Wanubi, na maharage. Mashine za kuzungusha tunazimaliza asubuhi, chakula cha mchana tunakula saa tano na nusu kabla foleni ya jikoni haijafika barabarani. Baada ya kula ni treni ndogo na kuchorwa uso tu, mpaka saa nzima ipite.

Mkenya wa Kabalagala
Saa tano na nusu ni mapema sana, mzee! Wangu hawali saa hiyo hata uwafunge kamba. Mimi nawapa ndizi na karanga kidogo kidogo, mlo wa maana ni saa nane, foleni ikishaisha.

Lakini bwawa liwe la mwisho, hapo sitoi hata shilingi ya mjadala. Mtoto akishaogelea, nguvu zimekwisha. Ukimpeleka kwenye michezo mingine unabeba mzigo.

Mama Sifa, Nsambya
Bwawa la mwisho hapana, baba. Kampala iko juu, karibu mita 1,200, na jioni upepo ukipiga mtoto anatoka majini anatetemeka meno. Tena jua la mchana huku linadanganya. Hewa ni ya baridi kidogo, hausikii kuungua, na tuko jirani kabisa na Ikweta. Mimi naogelesha asubuhi, saa tano wametoka majini na wamevaa nguo kavu.

Na chakula: pale ninapoenda mimi wanakagua mifuko, cha nje hakiingii. Kwa hiyo kabla ya geti tunasimama kwa kijana wa rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, anatukatia vipande, tunakula hapohapo kando ya barabara. Ndani tunanunua maji na sahani moja ya chipsi ya kugawana. Bei za ndani ni za watalii.

Mama Imani, Lira
Naandika kwa ajili ya wenye watoto kama wangu. Wa pili ana selimundu (sikoseli). Kwake kupumzika si suala la deko, akichoka sana au akikosa maji damu inakwama kwenye mishipa, tunaishia wodini.

Tunavyofanya: chupa yake ya lita moja nimeichora mistari kwa kalamu ya wino, kila mstari una saa yake. Saa nne ifike hapa, saa tano hapa. Anaufukuza mstari mwenyewe, kwake ni mchezo kama michezo mingine. Maji baridi ya bwawa yanaweza kuamsha maumivu, kwa hiyo anachovya miguu tu jua likiwa limepasha maji, sweta iko mkononi mwangu. Na nikisema tunakaa, tunakaa wote, hata kaka yake mzima. Zamani nilikuwa namkalisha yeye peke yake huku wenzake wanapiga kelele kwenye bembea, na nikaona uso wake. Sasa mapumziko ni ya familia: tunacheza karata, tunakula matunda, hakuna anayejua ni kwa ajili ya nani.

Mnaompeleka mtoto wa namna hii, muulizeni daktari wake kwanza, na mjue kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kukata tiketi.

Mama Pacha, Bweyogerere
Dada Imani, hiyo ya chupa naichukua. Mungu akutunzie mtoto.

Mhaya wa Bukoba
Sisi tunaotokea Mutukula tuna habari nyingine. Kutoka mpakani hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Kuna ndugu wanaingia usiku, asubuhi wako getini. Watoto wamevimba macho! Siku ya kwanza sisi ni kulala na kula tu. Njiani tunasimama Lukaya kwa gonja, zile ndizi za kuchoma, na nyama choma, tena Kayabwe, pale kwenye mstari wa Ikweta, watoto wanaruka upande huu na ule mpaka miguu inyooke. Hiyo ni michezo tosha, na haina tiketi.

Bibi wa Kawempe
Nyote mmesema watoto, watoto. Bibi je? Mimi napelekwa kulinda mifuko. Nakaa kwenye benchi lisilo na mgongo tangu saa nne, viatu vya watu wanane miguuni pangu, kila mmoja anakuja "Bibi, shika hii." Saa tisa wananikumbuka, wananiletea kipande cha kuku kilichobaki. Safari ya Entebbe ndiyo niliyoifurahia, ile bustani ya wanyama iko kando ya ziwa, kuna miti na upepo. Tuliwatazama wanyama asubuhi, wakiwa wamechangamka. Jua lilipokuwa kali simba amelala, na mimi nimelala.

Mkenya wa Kabalagala
Shikamoo Bibi 😂 Ila Entebbe msiwaache watoto wachezee maji ya ziwa ukingoni, kichocho kipo. Na kurudi jioni ile barabara ya zamani ina jamu ya kukomesha. Lipeni elfu tano za barabara ya haraka, watoto walale garini.

Mama Pacha, Bweyogerere
Baba yao amesoma yote. Anasema bwawa la mwisho, kama Mkenya. Mimi niko na Mama Sifa. Bibi, wewe ulivyo na uzoefu wa kukaa kando na kutazama, bwawa liwe lini?

Bibi wa Kawempe
Kwanza nionyesheni kiti.